MZEE ASIKALISHWE BURE
Mazoezi ya nyumbani ya kuzuia kuanguka

Mzee akianguka, watu wengi husema, "Ni uzee tu." Wengine hunong'ona ya kuwa jirani amemloga. Maneno hayo mawili hayafanani, lakini yana kosa moja: yote mawili hutufanya tukae bila kutenda neno lo lote. Kuanguka kuna sababu, na sababu zake nyingi zinajulikana. Na jambo lenye sababu inayojulikana, mara nyingi laweza kuzuiliwa.

Katika somo hili tutaeleza kwa nini wazee huanguka, na jinsi mazoezi madogo ya nyumbani yanavyowasaidia wasianguke. Mazoezi haya hayauzwi dukani wala hayahitaji chombo cho chote isipokuwa kiti imara na ukuta. Somo hili ni la wazee wenyewe. Tena ni la watoto wao na wajukuu wao wanaokaa nao nyumba moja, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaoamua kama mzee atatembea au atakaa.

1. KUANGUKA NI JAMBO KUBWA

Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa kila mwaka watu kama 684,000 hufa duniani kwa sababu ya kuanguka. Katika kila watu 100 wanaokufa hivyo, zaidi ya 80 wamo katika nchi zenye mapato madogo au ya kadiri. Wanaokufa wengi zaidi ni watu waliopita miaka 60. Tena kila mwaka watu wengine milioni 37 huumia hata kuhitaji matibabu.

Kijana akiteleza, hujipangusa matope, hucheka, huenda zake. Mzee sivyo. Mifupa yake imekuwa myepesi, hasa ya akina mama, kwa maana baada ya damu ya mwezi kukoma mifupa ya mwanamke hupungua ugumu upesi. Akianguka kwa upande, mfupa wa paja waweza kuvunjika karibu na nyonga. Mfupa huo ukivunjika, mara nyingi hufaa kupasuliwa na kuungwa hospitalini. Gharama ni kubwa, na jamaa huuza shamba au mbuzi. Na mzee akilala siku nyingi bila kugeuzwa, hupata vidonda vya mgongoni, au ugonjwa wa mapafu, au damu kuganda miguuni. Wengine huinuka tena, lakini hawatembei tena kama zamani.

Basi usiseme, "Ni kuanguka tu."

2. MJI WETU NI MJI WA MITEREMKO

Kila mtu wa Ibanda anajua ya kuwa Bukavu haikujengwa mahali tambarare. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha meta 1,460 hivi juu ya bahari, na kutoka ukingo wake nyumba zinapanda vilima. Ukitoka Panzi kwenda soko la Nyawera, au ukirudi kutoka Nguba na kitunga cha mboga, utapanda na kushuka. Vijia vingi ni vya udongo. Ngazi zimechimbwa kwa jembe, nazo hazilingani kimo. Tangu Septemba hata Mei mvua hunyesha, udongo hulegea na kuteleza kama sabuni, na maji hula ukingo wa njia. Usiku umeme hukatika, na choo cha shimo kiko nje ya nyumba.

Katika mji kama huu, mtu asiye na nguvu miguuni yumo hatarini kila siku. Lakini angalia jambo moja. Miteremko hiyo hiyo inayotuangusha ndiyo iliyotupa nguvu tangu utoto. Mama aliyepanda kilima kila siku kwa miaka 50 amefanya mazoezi kila siku bila kuyaita mazoezi. Hatari huanza siku ile anapoacha kupanda.

3. KOSA LINALOFANYWA KWA UPENDO

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa miaka 70 ateleza penye ngazi ya udongo nyuma ya nyumba. Havunjiki. Apata mchubuko wa goti tu. Jioni ile watoto wake wakutana na kusema, "Mama amezeeka. Tusimwache atoke tena." Tangu siku hiyo maji huletewa. Chakula huletewa penye kiti chake. Akitaka kuinuka, mjukuu hupiga kelele, "Koko, kaa! Utaanguka!" Siku ya Jumapili huambiwa, "Bakia nyumbani, njia ni mbaya." Watoto hawa wanampenda mama yao, na majirani wanawasifu.

Je, baada ya miezi mitatu kuna nini? Mapaja ya mama yamekonda. Akitaka kusimama, ni lazima avutwe mkono. Magoti yanatetemeka. Naye mwenyewe sasa anaogopa, na mtu anayeogopa hutembea kwa hatua fupi fupi, akitazama chini, mwili umekakamaa. Usiku mmoja ataka kwenda haja, hataki kumwamsha mtu, asimama gizani peke yake, na anaanguka. Mara hii nyonga inavunjika.

Watu husema, "Mnaona? Tulijua ataanguka." Lakini kumkalisha hakukumlinda. Kumkalisha kulimdhoofisha, na udhaifu ndio uliomwangusha. Hii ni kama duara: mzee anaanguka, anaogopa, anakaa, anadhoofika, anaanguka tena. Ni lazima tulikate duara hili mahali fulani, na mahali palipo rahisi kukata ni pale penye kukaa.

Mwili wa mzee aliyekalishwa hudhoofika upesi kuliko tunavyodhani. Mwaka wa 2007 waganga wa Marekani waliandika habari za wazee wazima, wasio wagonjwa, waliokubali kulala kitandani siku 10 ili wapimwe. Kwa siku hizo 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu yao. Nao walikuwa wakilishwa vizuri! Fikiri basi habari za mzee aliyekaa miezi mitatu.

4. KWA NINI MTU HUSIMAMA ASIANGUKE

Kusimama kwa miguu miwili ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mwili hutumia vitu vinne:

Macho hutuonyesha njia, shimo na jiwe.

Masikio, ndani kabisa, yana chombo kidogo kinachotuambia kama kichwa kimenyoka au kimeinama.

Nyayo na vifundo hutuambia kama tumekanyaga mahali pagumu au palegevu.

Misuli, yaani nyama zinazovuta mifupa, hurudisha mwili mahali pake unapoanza kuyumba.

Ukijikwaa, vitu hivi vinne hufanya kazi pamoja kwa dakika ndogo mno: unahisi unaanguka, mguu unaruka mbele, paja linakaza, unasimama. Katika uzee kila kimoja hupungua kidogo. Macho hupata ukungu. Nyayo hupoteza hisi, hasa kwa mwenye ugonjwa wa sukari. Misuli hukonda. Mguu unakuja mbele, lakini umechelewa.

Hatuwezi kurudisha kila kitu. Lakini misuli yaweza kuongezwa nguvu, na mwili waweza kufundishwa tena kusimama imara. Hiyo ndiyo kazi ya mazoezi.

5. JE, MZEE AWEZA KUPATA NGUVU TENA?

Wazee wengi wataniambia, "Mwanangu, mti mkavu haukunjwi." Hilo ni kweli kwa mti, si kweli kwa misuli.

Mwaka wa 1990 waganga wa Boston, Marekani, walieleza habari za watu dhaifu wenye miaka 86 hata 96, waliokaa katika nyumba ya wazee. Walifundishwa kuinua uzito kwa miguu kwa majuma 8. Mwishoni nguvu ya mapaja yao ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza.

Huko New Zealand, katika jimbo la Otago, waganga walitengeneza mazoezi ya kufanywa nyumbani. Waliwachukua wanawake 233, wote wenye miaka 80 au zaidi. Wanawake 116 walifundishwa mazoezi, na 117 hawakufundishwa. Habari zao zilichapishwa mwaka wa 1997. Baada ya mwaka mmoja, wale wasiofanya mazoezi walikuwa wameanguka mara 152. Wale waliofanya walikuwa wameanguka mara 88.

Mwaka wa 2019 wataalamu walikusanya pamoja majaribio 108 ya namna hii, yenye watu zaidi ya 23,000 wa nchi 25. Waliona ya kuwa mazoezi hupunguza kuanguka karibu kwa robo. Palipo na watu walioanguka mara 100, sasa walianguka mara 77 hivi. Na yaliyosaidia ni mazoezi ya kusimama imara pamoja na ya kuinuka na kuketi, si kutembea peke yake.

Mwingine atasema, "Mimi nimelima na kubeba mizigo maisha yangu yote. Nguvu ninazo tayari." Umesema vema, ulikuwa nazo. Lakini nguvu za misuli hazihifadhiwi kama maharagwe katika gunia. Ukiacha kuzitumia, zinakwenda. Tena kulima hukunja mgongo, wala hakumfundishi mtu kusimama kwa mguu mmoja. Na kila hatua tunayopiga, kwa kitambo kidogo tunasimama kwa mguu mmoja.

6. KABLA YA KUANZA

Jipime kwanza. Kaa juu ya kiti cha kimo cha kawaida, kilichoegemezwa ukutani. Kunja mikono juu ya kifua. Mjukuu ashike saa au simu. Kwa nusu dakika, simama wima na kuketi tena, mara nyingi uwezavyo. Mama wa miaka 70 hadi 74 asiyefika mara 10, na baba wa umri huo asiyefika mara 12, miguu yake imepungua nguvu, naye yumo katika hatari ya kuanguka. Andika hesabu yako. Baada ya miezi miwili utajipima tena.

Enda kwanza kwa mganga au kituo cha afya ikiwa:
- unapata kizunguzungu au umezimia;
- kifua chauma au pumzi hukata ukitembea kidogo;
- umeanguka mara mbili au zaidi katika mwaka huu;
- ulivunjika mfupa karibuni, au una kiungo kilichovimba na chenye moto;
- unameza dawa za kushusha damu, za usingizi, au dawa za namna nyingi kwa wakati mmoja. Chukua dawa zote nawe, hata za miti shamba, umwonyeshe mganga. Usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe.

Shika sheria hizi tatu. Kwanza, fanya mazoezi karibu na kitu kisichosogea: ukuta, meza nzito, au mwimo wa mlango. Kiti cha plastiki hakifai, kwa kuwa huteleza na kupinduka. Pili, kwa majuma ya kwanza mtu mwingine awe karibu. Tatu, vaa viatu vilivyofungwa nyuma, au fanya kwa miguu mitupu juu ya sakafu kavu. Usivae kandambili. Kikwembe kirefu kifungwe juu ya kifundo cha mguu, kisikanyagwe.

Misuli ikiuma kidogo kesho yake, si neno, ni dalili ya kuwa imefanya kazi. Lakini maumivu makali, au maumivu ya kifua, au kizunguzungu, ni amri ya kuacha.

7. MAZOEZI YENYEWE

Zoezi la 1: Kupasha mwili joto. Simama, shika meza. Tembea pale pale ulipo kwa dakika 2 au 3, ukiinua magoti. Zungusha mabega. Geuza kichwa polepole kulia na kushoto.

Zoezi la 2: Kuinuka kitini. Hili ndilo kubwa kupita yote. Kaa mbele ya kiti, nyayo zote mbili chini. Inama mbele kidogo, usimame polepole, kisha uketi polepole bila kujitupa. Fanya mara 5 mwanzoni, baadaye mara 10. Ukishindwa, jisukume kwa mikono. Majuma yakipita, tumia mkono mmoja, halafu usitumie mkono. Mtu anayeweza kuinuka mwenyewe, huenda chooni mwenyewe.

Zoezi la 3: Kusimama juu ya vidole. Shika meza. Inua visigino juu, hesabu 3, shusha polepole. Mara 10. Nyama za nyuma ya mguu ndizo zinazokusukuma kupanda kilima.

Zoezi la 4: Kusimama juu ya visigino. Shika meza. Inua vidole vya miguu, visigino vibaki chini. Mara 10. Mzee hujikwaa penye jiwe dogo kwa sababu vidole vyake havipandi vya kutosha. Zoezi hili huvipandisha.

Zoezi la 5: Mguu upande. Shika meza. Peleka mguu mmoja upande, bila kuinamisha mwili, hesabu 3, rudisha. Mara 10, kisha mguu wa pili. Nyama za nyonga huzuia mwili usianguke kwa upande, na kuanguka kwa upande ndiko kunakovunja nyonga.

Zoezi la 6: Kukunja goti. Shika meza. Inua kisigino nyuma kuelekea matako, kisha shusha. Mara 10 kila mguu.

Zoezi la 7: Mguu mbele ya mguu. Shika ukuta. Weka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mguu wa pili, kama mtu anayesimama juu ya gogo. Hesabu 10. Badilisha miguu. Ukizoea, shika kwa kidole kimoja tu. Mwishoni mkono uwe karibu na ukuta bila kugusa.

Zoezi la 8: Mguu mmoja. Shika ukuta. Inua mguu mmoja, hesabu 10. Kisha wa pili. Usiache kushika mpaka umekuwa imara kabisa.

Zoezi la 9: Kutembea kwa upande. Uso uelekee ukuta, mikono juu ya ukuta. Piga hatua 10 kwenda kulia, na 10 kurudi kushoto.

Zoezi la 10: Daraja moja. Tafuta kizingiti au daraja moja pana, kavu, lenye mahali pa kushika. Panda kwa mguu wa kulia, shuka. Panda kwa mguu wa kushoto, shuka. Mara 5 kila mguu, baadaye 10. Kwa watu wa Bukavu zoezi hili ni la lazima, maana bila kupanda hatufiki po pote.

Mazoezi yote huchukua kama nusu saa. Ukichoka, yagawe: mengine asubuhi, mengine jioni maharagwe yakiwa juu ya mbabula.

8. MARA NGAPI, NA MPAKA LINI

Shirika la Afya Duniani katika maagizo yake ya mwaka wa 2020 linawashauri wazee kufanya mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi kila juma. Chagua siku zako, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine tembea, kila mtu kwa kadiri yake. Kwenda kanisani kwa miguu polepole, pamoja na mwenzako wa kukushika mkono, ni mazoezi mema.

Usitazame matunda katika juma la kwanza. Baada ya majuma 6 hadi 8 utaona ya kuwa kiti hakikushindi tena. Hapo ongeza ugumu kidogo: punguza kushika, ongeza hesabu. Mazoezi yaliyo mepesi siku zote hayajengi kitu.

Na mpaka lini? Usiache. Ukiacha, nguvu hupungua tena.

Misuli hutaka chakula pia. Mzee anayekula bugali peke yake na sombe kidogo hana kitu cha kujenga nyama. Ampate maharagwe, au yai, au sambaza wa ziwani. Sambaza huliwa mzima pamoja na mifupa yake midogo, nayo huimarisha mifupa yetu. Mzee asiye na meno apondewe chakula. Pombe, iwe kasiksi au kanyanga, huyumbisha hata kijana. Mzee aikatae kabisa.

9. ITENGENEZENI NYUMBA NA NJIA

Mazoezi hayatoshi kama nyumba ina mitego. Mtoto mmoja wa nyumba azunguke na mzee, wakitazama pamoja:

- Njia ya kwenda chooni: ina mashimo? Funga kamba imara au mianzi ya kushika, tangu mlangoni hata chooni. Mwaga changarawe au mchanga penye utelezi.
- Ngazi za udongo: zisawazisheni kimo, na tieni mawe au mbao penye ukingo.
- Chooni: pigilieni mti wa kushika ukutani. Asiyeweza kuchutama atengenezewe kiti chenye tundu.
- Ndani: bidoni, ndoo, mbabula na viatu visiachwe njiani.
- Usiku: taa ndogo au tochi iwekwe mahali mzee anapoifikia akiwa bado kitandani. Kabla ya kusimama akae kitandani kwanza, ahesabu hadi 30, damu ifike kichwani, ndipo asimame.
- Macho: mwenye ukungu machoni apelekwe kupimwa. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa kupasuliwa, na kuona tena ni kinga kubwa.
- Fimbo: si aibu. Kimo chake kifike penye kifundo cha mkono, mkono ukiwa umening'inia. Chini itiwe mpira, isiteleze.

10. KAMA MZEE AMEANGUKA

Wewe uliyeanguka, usikimbilie kusimama. Pumua. Jipime: panauma wapi? Kama hapana maumivu makali, geuka kwa upande, kisha simama kwa mikono na magoti kama mtoto anayetambaa. Tambaa mpaka kiti au kitanda. Weka mikono juu yake, tanguliza mguu ulio na nguvu, jisukume, geuka, uketi. Mjifunze jambo hili siku ya afya njema, mtoto akiwepo, msingoje siku ya msiba.

Ninyi mlio nyumbani, msimvute mikono kwa haraka. Mwulizeni kwanza. Mpelekeni hospitali upesi ikiwa:
- hawezi kukanyaga, au panauma nyongani;
- mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje;
- amegonga kichwa, anatapika, anasinzia, au maneno yake hayaeleweki;
- alizimia kabla ya kuanguka;
- uso umepinda upande mmoja, au mkono mmoja umelegea. Hiyo yaweza kuwa damu imeharibika kichwani, na kila saa ina maana.

Msimkande, msimvute mguu, msimfunge vijiti kwa nguvu. Mfupa uliovunjika ukikandwa huharibika zaidi. Mlazeni juu ya ubao au tipoyi, mumfunike asipate baridi, mumchukue. Katika Ibanda kuna vituo vya afya, na iko Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka wa 1999 na Daktari Denis Mukwege, nayo iko chini ya Kanisa la CEPAC. Msikae siku tatu mkingoja kuona.

Hata kama hakuumia, mwambieni mganga siku nyingine ya kuwa alianguka. Wazee wengi huficha, kwa kuogopa kukalishwa. Basi mkimkalisha kwa kila kuanguka, mnamfundisha kuficha.

11. NENO KWA WATOTO NA WAJUKUU

Heshima ya mzazi si kumfanyia kila kitu mpaka mikono na miguu yake isahau kazi. Badala ya kusema, "Koko, kaa!" sema, "Koko, inuka, tufanye yetu kumi." Mpe kazi anazoziweza: kuchambua maharagwe akisimama penye meza, kuanika nguo penye kamba iliyo chini, kwenda mpaka kwa jirani kusalimu. Njia ikiwa mbaya, usimzuie safari, mpe mkono. Na katika kanisa, wazee wa jirani moja wakutane mara moja kwa juma wafanye mazoezi pamoja. Anayefanya na wenzake haachi upesi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kuanguka si uzee tu, wala si uchawi. Kuna sababu, na kuna kinga.
Kukaa siku zote hakumlindi mzee, humdhoofisha.
Mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku 3 kwa juma, hupunguza kuanguka, hata kwa mtu wa miaka 80 na zaidi.
Shika kitu kisichosogea. Anza kidogo. Ongeza. Usiache.
Tengenezeni njia ya choo, taa, ngazi na viatu.
Aliyeanguka na hawezi kukanyaga apelekwe hospitali, asikandwe.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

1. Mzee wetu aweza kuinuka kitini mara ngapi kwa nusu dakika?
2. Kati ya kitanda chake na choo, kuna mitego mingapi?
3. Leo tumemwambia mara ngapi "Kaa"? Na mara ngapi "Inuka, twende"?